Serangi na Jenerali Wake

Jirani yetu Serangi hakuweza kumwelekeza mtu njia bila ya kumtaja jenerali wa Kifaransa. Ukimuuliza duka la mafuta ya taa liko wapi, alikwambia: "Unaijua Barabara ya Jenerali? Ifuate mpaka ukutane na punda, kisha pinda." Barabara yenyewe ilikuwa kichochoro chetu cha Mutrah, chembamba kiasi kwamba punda wawili wa maji hawakuweza kupishana, na hakuna mamlaka yoyote duniani iliyowahi kukipa jina. Siku zile Maskati mtu hakuweza kubadilisha mlango wa nyumba yake bila ya ruhusa, seuze kuita njia kwa jina la Mkristo. Serangi hakuandika kitu ukutani. Alisema tu, kila siku, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, hata wachukuzi wa maji wakaanza kusema hivyo hivyo kwa Kiarabu, kisha wauza samaki, kisha mama yangu.

Mimi peke yangu ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na shahada ya historia, nikaja Maskati na wazee wangu baada ya mapinduzi ya Unguja, katika mji usiokuwa na skuli hata moja ya wasichana. Shahada yangu ilikaa sandukuni pamoja na mashuka. Kazi iliyonibakia ni kubishana, na mtaa mzima haukuwa na mtu bora wa kubishana naye kuliko Serangi, kwa sababu hakuwahi kukubali kitu.

"Ami," nilimwambia siku moja, "huyo Jenerali wako amekufanyia nini hata utuitie njia kwa jina lake?"

"Wee Msomi, hicho kitabu chako kimekufanyia nini? Mbona unakilalia?"

Serangi si jina. Ni cheo cha msimamizi wa mabaharia wa sitahani, na yeye alikishika miaka mingi katika meli za Kifaransa zilizokuwa zikipita Unguja, Bukini, Jibuti na kuendelea mpaka Marseli. Kazi iliisha, cheo kikabaki. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu mrefu, na hakuacha kufunga mafundo. Alifunga gunia la makaa, mlango wa banda la kuku, kitasa cha dirisha, mpaka birika la kahawa lililovunjika mkono. Mafundo yake hayakufunguka. Shemeji yake, aliyekuwa akimpikia na kumfulia, aliweka kisu maalumu jikoni kwa ajili ya kuyakata. Serangi akiona kamba imekatwa alisema, "Kuna adui ndani ya meli," na kufunga upya.

Wafaransa aliwachukia. Alisema Mfaransa hakupi salamu, anakukopesha. Alisema wanakula vitu ambavyo paka wa Jibuti anavifukia. Alijua matusi yao yote, na aliyatumia baina ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, akiamini hatuyaelewi, na kweli hatukuyaelewa, lakini tuliyapenda. Ukimkumbusha kwamba Jenerali naye ni Mfaransa, alikutazama kwa huruma.

"Jenerali si Mfaransa. Jenerali ni jenerali."

"Umewahi kusema naye?"

"Nimemwona."

"Wapi?"

"Jibuti. Alipita garini, watu wamejaa. Niliona kofia."

"Kofia tu?"

"Mtu mrefu yule. Kofia inatosha."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake yote ya ushahidi wa macho. Mimi niliyefundishwa kutoamini kitu mpaka nikione katika vyanzo vitatu, nilikuwa nikiishi kando ya nyumba ya mtu aliyejenga imani nzima juu ya kofia moja.

Kilichompa Jenerali uzito kwa Serangi hasa ni meli na njia. Alifanya kazi katika meli ya mizigo iliyobeba jina la Jenerali ubavuni, na aliisema kama mtu anavyomsema mkwewe. Ilikunywa rangi kuliko meli yoyote aliyowahi kuipaka. Ilikuwa na pua ndefu iliyoshika kutu kabla ya kitu kingine. Ikikutana na mawimbi madogo ilitikisika sana, ikikutana na dhoruba ilitulia, na yeye aliona hiyo ni dalili ya ukubwa. Mwishoni iliuzwa kwa Myunani, akaipa jina la mke wake. Serangi aliiona tena Adeni, imefungwa gatini, jina jipya limeandikwa juu ya lile la zamani. "Sikuisalimu," alisema.

Na njia! Kila mji wa Kifaransa alioteremka aliuliza iko wapi Barabara ya Jenerali, na kila mji ulikuwa nayo. Moja ilianzia kwenye machinjio na kuishia kwenye ukuta. Nyingine ilikuwa nzuri, ina miti, lakini polisi walimfukuza kwa sababu alikaa chini ya mti mmojawapo. Ya Majunga aliikuta safari moja ina jina la Jenerali na safari ya pili ina jina la mtu mwengine, na kinyozi wa pale hakukumbuka lini imebadilishwa. Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo historia inavyokwenda, wakubwa wanapanda vibao na wakubwa wengine wanavishusha. Akasema, "Basi historia haina adabu."

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba huu ni ushamba wa baharia, mtu anayekusanya majina kama watoto wanavyokusanya kombe za pwani. Mama ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, mara ya tatu au ya nne nilipomcheka Serangi mbele ya wageni. Serangi alikuwa na mdogo wake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, kijana yule alikuwa mtia makaa katika meli, meli ikafika Jibuti, na huko akasikia kwamba kuna jenerali anayewaita watu wamfuate wakapigane. Hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Akaitika. Aliacha Unguja mke aliyemwoa miezi michache nyuma, na tangu siku ile hakuna aliyemwona, wala barua, wala mtu aliyesema nimemzika.

Mke huyo ndiye Shemeji. Mtaa mzima tulimwita hivyo, hata watoto, hata wachuuzi, kana kwamba yeye ni shemeji wa dunia. Serangi alimchukua nyumbani kwake akiwa msichana, akamlisha, akamvisha, akamleta Maskati tulipokimbia, na hakumtazama vibaya hata siku moja. Lakini hakumwachia aolewe vilevile. Kwa sababu katika hesabu ya Serangi, mdogo wake alikuwa hai. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: mkubwa akichukua watu wa watu, hafi mpaka awarudishe kwao. Jenerali yu hai. Kwa hivyo watu wake wako hai. Ndipo nilipofahamu kwamba katika zile barabara zote alikuwa hatafuti kibao. Alikuwa akienda mlango hadi mlango akiuliza kama wanamjua Mwarabu wa Unguja mwenye kovu la jivi, nguruwe wa mwituni.

Kwa bahati mbaya Jenerali mwenyewe alimsaidia kukosea. Aliwahi kuacha utawala baada ya vita, akakaa kijijini kwake, watu wakamsahau, kisha akarudi kwa kishindo. Serangi aliichukulia khabari hii kama barua iliyoandikwa kwake. "Umeona? Walisema kaisha. Karudi." Na alipoacha utawala mara ya pili, redio ikatangaza, nilidhani sasa angalau atatikisika. Nilimkuta anakunywa kahawa kwa furaha.

"Khalas, kaacha kazi," alisema. "Sasa ana nafasi ya kutafuta watu wake."

Hapo nilikasirika kweli, kwa sababu wakati huo kulikuwa na mtu anayesubiri jibu. Mpika halua wa sokoni, mjane mwanamume, mpole, mwenye mikono iliyoungua kwa sukari, alikuwa amemposa Shemeji. Aliposa mara ya kwanza mwaka wa pili tulipofika, akaambiwa huyu ni mke wa mtu. Akaposa tena. Kila Ijumaa alileta bakuli la halua ya moto, yenye zafarani na lozi, na kila Ijumaa Serangi aliila halua na kuikataa posa.

"Ami, ungeacha kula angalau," nilimwambia.

"Halua haina kosa."

"Kadhi atamfungulia mara moja. Ni wewe tu unatakiwa uende useme ndugu yako kapotea, hajulikani alipo."

"Na akija?"

"Miaka yote hii, Ami!"

"Nauliza, na akija? Akute mkewe kwa mpika halua? Nimwambie nini? Kwamba Msomi kasoma kitabu?"

Nikasema neno ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilisema nyuma ya milango. "Au unamtaka mwenyewe?"

Alivua kiatu akanirushia. Kilinikosa, kikampata kuku. Wiki nzima hakunisemesha, na Ijumaa ile halua haikuliwa.

Mpaka leo sijui jibu la swali lile. Serangi hakuoa maisha yake. Alisema baharia mwenye mke ni mtu aliyeweka nanga kisha akapanda meli nyingine. Lakini jioni, Shemeji akitandika mkeka na kukaa upande wake wa ua, yeye upande wake, redio katikati, hawakuwa na sura ya watu wanaomsubiri mtu.

Shemeji mwenyewe nilimshawishi aende kwa kadhi peke yake. Alikuwa anachambua mchele.

"Nikaseme nini, mwanangu?"

"Useme umechoka."

"Nimshitaki mtu aliyenilisha tangu vita? Nitaanzia wapi, kwenye nguo aliyoninunulia au kwenye dawa?" Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Mie si mke, si mjane, si mwari. Nnakaa kama mzigo uliosahauliwa forodhani. Lakini mwenye funguo ni yeye. Akitaka kunitoa, atanitoa."

"Na asipotaka?"

"Basi omba Mungu Mfaransa wake afe."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeagiza ndimu.

Utawala wetu wa hapa ulibadilika kabla ya Mfaransa kufa. Katika kiangazi kimoja mambo yaliyokuwa haramu yakawa kazi: watu wakajenga, wakanunua magari, jamaa waliotawanyika Misri na Kuweti wakaanza kurudi, na mimi nikaitwa nifundishe katika skuli ya wasichana ambayo madirisha yake bado yalikuwa hayajatiwa. Nilitoka asubuhi na chaki mfukoni kama mwizi. Shemeji aliniuliza kila nikirudi, "Leo umewafunza nini?" na nikimwambia aliondoka akisema peke yake yale niliyomwambia.

Kisha, siku za baridi zilipoanza, redio ikasema Jenerali amefariki nyumbani kwake.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuazima ungo. Serangi aliizima redio, akaiwasha tena, kana kwamba labda itasema vingine. Ikasema vile vile. Akafungua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya redio. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Serangi akatoka nje. Baada ya kitambo tukasikia mikeka inatandikwa kichochoroni.

Aliweka azaa. Kwa hapa Maskati azaa ni siku tatu za kukaa nje, kahawa, tende, watu waje wakupe pole. Na ada ya watu wa hapa ni nzuri sana na haina maswali: ukiona mikeka ya msiba na mtu amekaa kichwa wazi, unaingia kwanza, unasema Mungu akupe subira, unakunywa kikombe, unakaa na huzuni pamoja naye. Khabari ya nani kafa inafuata baadaye, na ikiwa mwenye msiba hakuisema, hakuna mwenye adabu atakayemchokonoa. Kwa hivyo walikuja. Walikuja wafanyabiashara wa sokoni na bakora zao, wakaja Mabulushi wa ngomeni, wakaja Waunguja wote waliokuwa Mutrah na Darsait, wakakaa Barabara ya Jenerali, wakamlilia Jenerali, na hakuna hata mmoja aliyejua. Mpika halua alileta mabirika matatu ya kahawa na kumimina mwenyewe.

Mimi nilikuwa juu, chumba cha wanawake, nafa kwa kicheko na kwa hofu. Nilimnong'oneza Shemeji: "Watu wakijua kwamba wanamsomea Mkristo watamla Serangi nyama."

"Mie nimeambiwa kafa Mfaransa," akasema. "Nnakunywa kahawa."

Siku ya tatu alasiri alikuja sheikh wa msikiti wetu, mzee mwenye masikio mazito na sauti nzito zaidi. Alisoma, watu wakaitikia. Kisha akageuka, akamwambia Serangi kwa Kiarabu, kwa upole tu, kama anavyouliza katika kila azaa: "Sasa tumuombee kwa jina lake. Marehemu ni nani?"

Nilisogea dirishani. Wanawake wote wakanifuata, kwa sababu wao adabu iliwazuia kuuliza lakini haikuwazuia kusikiliza. Serangi alikuwa amekaa na vikombe mbele yake. Akisema Jenerali, watu watanyanyuka na kukung'uta nguo zao, na Shemeji atabaki pale pale alipo, pengine mpaka kufa. Akisema jina jengine, ndiyo basi, limeshasemwa mbele ya sheikh na mtaa mzima, hakuna kulirudisha. Aliangalia upande wa mpika halua. Yule maskini alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri jina la kuombea dua, hajui kitu.

Serangi akataja jina la ndugu yake. Akataja na la baba yao, na la babu, kwa ukamilifu, kama mtu anavyoitwa na kadhi. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lile kinywani mwake. Miaka yote alisema "mdogo wangu" tu.

"Alifia wapi?" sheikh akauliza.

"Ugenini. Alimfuata mkubwa mmoja vitani. Na yule mkubwa naye kafa."

"Alikuwa Muislamu, huyo mkubwa?"

"Alikuwa mrefu," Serangi akasema.

Sheikh, ambaye nahisi hakusikia vizuri, akaomba dua kwa ajili ya wote wawili.

Ndani, Shemeji aliweka kikombe chini. Alinyoosha mikono na kusema, "Haya, nivueni bangili." Zilikuwa za harusi yake, alivishwa akiwa msichana, na mkono ulikuwa umenenepa. Hazikutoka. Wanawake wakaleta maji ya sabuni, mmoja akashika kiwiko, mwengine akavuta, na ilipotoka ya mwisho ngozi ilikuwa imechubuka na Shemeji alikuwa analia. Mama yangu akasema ni uchungu wa mume. Shemeji akasema ni sabuni.

Kesho yake Serangi alikwenda kwa kadhi akarudia maneno yale yale, na Shemeji akaanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi, kama mjane wa jana. Nilipinga. Nilisema mwanamke huyu amekaa eda nusu ya umri wake, mahesabu gani haya? Hakuna aliyenisikiliza, na Shemeji hasa. Alitaka iwe sawa, alisema, isije ikapatikana kasoro.

Lakini mwanamke wa eda haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa, na shemeji mume ni mwanamume kama wengine. Kwa hivyo aliyetolewa nyumbani ni Serangi. Alifunga sanduku lake kwa mafundo, akabeba redio, akatafuta pa kulala. Jamaa wote walikuwa na nafasi yake na hawana nafasi ya redio. Mwishowe alichukuliwa na mpika halua, akapewa chumba cha nyuma ya duka, karibu na majiko. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka: wazee wawili nyumba moja, wanamsubiri mwanamke mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chakula alichopika Shemeji, nikitoka skuli. Siku ninayoikumbuka, mwaka ulikuwa unakaribia kwisha na nilimkuta Serangi amesimama juu ya sufuria kubwa ya shaba, jasho linamtoka, anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Mpika halua alikuwa ameinama anachochea kuni. Halua haitaki kuachwa hata dakika, na nadhani ndiyo maana alipewa kazi ile.

"Nimemuua ndugu yangu kwa ulimi," aliniambia bila ya salamu. "Mbele ya watu. Na wote wakanishukuru."

"Si wewe uliyemuua, Ami."

"Wewe ulikuwepo?" Akakoroga. "Basi. Na mimi sikuwepo."

Alionja mchuzi niliomletea kwa ncha ya kidole, akakunja uso. "Mwambie chumvi imezidi."

Nilirudi mpaka nyumbani nikamwambia Shemeji. Alikuwa amekaa juu ya kitanda, nguo yake haina urembo, mikono mitupu. Akanipa jibu, nikalirudisha dukani wakati mwiko bado unazunguka.

"Kasemaje?"

"Kasema kama imezidi, uoe."

Mpika halua akajitia kukohoa kwa moshi. Serangi aliendelea kukoroga, mzunguko mmoja, wa pili.

"Kasema kwa hasira au kwa kucheka?"

"Kwa kucheka. Kacheka mpaka kashika ukuta."

"Alikuwa hacheki," akasema. "Miaka yote ile ndani ya nyumba yangu. Nilidhani ndivyo alivyo."

Akaniwekea mwiko mikononi, pamoja na chaki na vitabu nilivyoshika. "Shika, Msomi. Usiache, itaungua chini." Akatoka nje, akasimama kando ya mlango, mgongo kwetu, uso upande wa njia. Na mimi niliyemuuliza maswali miaka sita, nikakoroga.